Nati za chapchap za matoazi ya drams: Mambo ya kuangalia kabla hujatoa hela

Ibada ya kwanza imeisha. Ya pili inaanza baada ya dakika 20 na mpiga drams ni mwingine, anakuja na matoazi yake kwenye begi. Yule wa kwanza anafungua nati moja baada ya nyingine huku kwaya inapanda jukwaani na mtu wa sauti anahimiza vifaa vitolewe. Nati moja inamponyoka, inabiringika na kupotelea chini ya mbao za jukwaa. Basi, toazi la mwenzake linawekwa hivyo hivyo, bila nati.

Wapiga drams wa makanisani, wa bendi za dansi na wa kumbi za harusi wanaijua vizuri hali hii. Ndiyo maana wengi huulizia nati za kufunga haraka, zile zinazobofywa na kuteleza badala ya kuzungushwa. Kwa urahisi, ziitwe hapa nati za chapchap.

Ni kifaa kidogo, kinaenea kwenye kiganja. Lakini mtu akikosea kuchagua, kinachoumia ni toazi lenyewe, ile sahani ya shaba iliyonunuliwa kwa hela nyingi. Na toazi likishapasuka, hakuna fundi wa kulirudishia sauti yake.

Kwanza, toazi linakaaje juu ya stendi?

Kabla ya kuzungumzia nati mpya, ni vizuri kujua kazi ya kila kipande kilichopo kwenye stendi ya kawaida. Kuanzia chini kwenda juu, mpangilio ni huu:

• Washa ya chuma, inayobeba uzito.

• Kimrija cha plastiki au mpira, kinachofunika chuma chenye hesi (ile mizingo ya skrubu) kinapopita kwenye tundu la toazi.

• Felti ya chini, yaani kiduara kizito cha sufu ambacho toazi linakikalia.

• Toazi lenyewe.

• Felti ya juu.

• Nati ya mabawa, ile yenye masikio mawili ya kushikia kwa vidole.

Kazi ya nati ni kuzuia toazi lisiruke. Haitakiwi kulikaba. Kazi ya kimrija na felti ni kuhakikisha shaba haigusani na chuma popote pale.

Tundu la katikati la toazi huwa na upana wa kama milimita 12 hivi. Chuma cha stendi kinachopita hapo mara nyingi kina milimita 8. Nafasi inayobaki ndiyo ya kimrija. Kimrija kikipotea, kila pigo linasugua shaba kwenye meno ya hesi. Baada ya muda tundu linaacha kuwa duara, linachongeka upande mmoja mpaka linafanana na tundu la ufunguo. Kutoka hapo ufa unaweza kuanza kutambaa.

Matoazi mengi ya bei ya juu hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 80 na bati asilimia 20. Mchanganyiko huo unatoa sauti nzuri sana, lakini unapasuka badala ya kujikunja. Ukichomelea, joto linaharibu sauti. Kinachowezekana ni kutoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, au kuikata sehemu mbovu. Zote mbili ni njia za kuchelewesha tu.

Kwa nini watu wanaziacha nati za kawaida?

Sababu ya kwanza ni muda, na hesabu yake ni rahisi. Kwenye hesi ya kawaida ya milimita 8, nati ikizunguka mara moja inasogea milimita 1.25. Kama nati inatakiwa kushuka sentimita 2.5 mpaka ifike kwenye felti, inazungushwa mara 20. Stendi nne ni mizunguko 80 wakati wa kufunga, na mingine 80 wakati wa kufungua. Kwa mtu mwenye drams zisizohama, hilo si tatizo. Kwa bendi inayopiga sehemu mbili kwa siku, ni kero.

Sababu ya pili ni kupotea. Nati ya mabawa ni ndogo, inateleza, na jukwaa mara nyingi lina giza. Ikidondoka, felti ya juu hutoka nayo.

Sababu ya tatu haisemwi sana: nati ya kawaida humshawishi mtu aikaze. Kwa kuwa inazunguka, mkono unaendelea kuzungusha mpaka ikatae. Toazi lililokabwa hivyo haliwezi kuyumba likipigwa. Nguvu ya fimbo inakosa pa kwenda, inabaki ndani ya shaba. Matoazi mengi hupasuka kwa njia hii kuliko kwa kupigwa kwa nguvu peke yake.

Aina kuu zilizopo sokoni

Majina ya biashara ni mengi, ila kwa namna zinavyofanya kazi, aina zenyewe ni chache.

1. Nati ya kubofya

Ndani yake kuna taya zenye meno na springi. Ukibofya au kuminya, taya zinaachia hesi na nati inateleza moja kwa moja. Ukiachia kidole, meno yanaingia kwenye hesi na nati inakaa. WingLoc ya Pearl na Quick-Set Cymbal Mate ya Tama, zote za kampuni za Japani, ni mifano ya nati za kufunga haraka ambazo wapiga drams wengi wanazifahamu.

Uzuri wake ni kwamba nyingi bado huweza kuzungushwa kidogo zikishashika, kwa hiyo mpigaji anaamua mwenyewe toazi liyumbe kiasi gani. Udhaifu wake uko kwenye meno. Yakiwa ya plastiki laini au yakishasagika, nati inaanza kupanda juu yenyewe wakati wa kupiga.

2. Nati ya kuinamisha

Hii ina matundu mawili yanayokutana ndani: moja lina hesi, jingine halina na limekaa mshazari. Ukiiinamisha inateleza, ukiinyoosha meno yanashika. Haina springi, kwa hiyo vitu vya kuharibika ni vichache. Kasoro yake ni kwamba inahitaji kuegemea kitu ili ibaki imenyooka. Ikiachwa ikining'inia huru, mtetemo unaweza kuiinamisha.

3. Kishikio cha mpira

Hapa nati, felti na kimrija vinaunganishwa kuwa kitu kimoja. Kipande cha mpira kinapita kwenye tundu la toazi, kisha kinasukumwa kwenye chuma cha stendi na kushika kwa kubana. Grombal ni mfano unaojulikana. Faida kubwa ni kwamba shaba haiwezi kugusa chuma hata kidogo, na hakuna vipande vidogo vya kupoteza. Mpigaji anaweza hata kuacha kipande hicho kwenye toazi likiwa ndani ya begi.

Upande wa pili, mpira huzeeka. Ukikauka na kuanza kupasuka, mshiko unapungua. Pia namna toazi linavyoyumba hubadilika, kwa hiyo ni lazima kusikiliza kwanza. Toazi jembamba linaweza kutoa sauti tofauti na ile iliyozoeleka kwenye felti.

4. Kimrija chenye kifungio

Hiki hufungwa kwenye hesi mara moja na kinabaki kwenye stendi. Juu yake kuna kofia au kikono kinachofunga na kufungua. Kinafaa kwa stendi za mtu mmoja zisizobadilishwa. Kwa drams za kushirikiana kinaleta ubishi, maana mgeni mwenye nati zake hawezi kuzitumia mpaka akitoe.

Pima hesi kabla ya kwenda dukani

Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Nati ya chapchap ikiwa nzuri kiasi gani, haitafaa kama haiendani na hesi ya stendi.

Stendi nyingi za siku hizi zina hesi ya milimita 8. Baadhi ya stendi nyepesi na za zamani zina milimita 6. Stendi kongwe za Marekani zinaweza kuwa na hesi za vipimo vya inchi. Hizi ndizo za kuogopa, kwa sababu robo inchi ni milimita 6.35, karibu sana na 6. Kwa macho huwezi kutofautisha.

Namna rahisi ya kujua haihitaji kifaa cha maabara. Chukua nati mbili za kawaida kutoka duka la vifaa vya ujenzi: ile inayofunguliwa kwa spana namba 13, ambayo kwa kawaida ni ya milimita 8, na ile ya spana namba 10, ambayo kwa kawaida ni ya milimita 6. Jaribu kuzivisha kwenye stendi kwa vidole tu.

• Ile ya 13 ikiingia kwa ulaini mpaka chini, stendi ni ya milimita 8.

• Ile ya 10 ikiingia kwa ulaini, stendi ni ya milimita 6.

• Ikiingia mizunguko miwili mitatu kisha ikakaza, acha hapo hapo. Hesi ni ya aina nyingine au imeumia. Usilazimishe kwa spana.

Jaribu stendi zote, kila moja. Seti nyingi za makanisani na kwenye kumbi zimekusanywa kidogo kidogo kwa miaka, stendi moja ya kampuni hii, nyingine ya kampuni ile. Si ajabu kukuta vipimo viwili kwenye seti moja.

Kitu kingine cha kupima ni urefu wa chuma unaobaki juu ya toazi. Nati ya chapchap mara nyingi ni nene kuliko nati ya mabawa. Kama chuma ni kifupi na felti ni nene, nati inaweza kushika meno machache ya juu tu. Hapo itaruka siku yoyote.

Majaribio manne ya kufanya dukani

Kama muuzaji anaruhusu, beba stendi moja au hata kichwa chake tu. Majaribio haya hayachukui dakika tano.

1. Ivute. Ivishe nati, achia kidole, kisha ivute juu kwa nguvu bila kubofya. Ikisogea hata kidogo, irudishe kwenye pakiti.

2. Itikise. Gonga chuma cha stendi kwa fimbo mara kadhaa. Nati ikilia ndani kama njuga, kelele hiyo itasikika hata kwenye maikrofoni za juu.

3. Ibofye mara nyingi. Fungua na funga mara 20 mfululizo. Springi inatakiwa kurudi kwa nguvu ile ile.

4. Angalia chini yake. Sehemu inayogusa felti inatakiwa kuwa pana na bapa. Ikiwa nyembamba, itachimba felti, na felti ikiisha katikati chuma kinafika kwenye shaba.

Jaribio la tano hufanyika kwa mikono yenye jasho. Mpiga drams akimaliza kupiga mikono yake huwa imelowa. Nati yenye vitufe vidogo vya kuteleza ni rahisi dukani, lakini baada ya saa mbili za kupiga inakuwa mtihani.

Toazi lazima liyumbe

Ukishafunga, bonyeza ukingo wa toazi kwa kidole upande mmoja kisha achia. Linatakiwa kuyumba huku na huku mara kadhaa, kisha litulie. Likisimama ghafla, limebanwa. Likigonga chuma na kutoa mlio mkavu, kimrija hakipo au felti ya chini imekwisha.

Toazi la krashi, lile la kupigwa kwa kishindo, linahitaji uhuru zaidi. La raidi, ambalo hupigwa kwa ncha ya fimbo kushika mwendo, wengi hupenda litulie kiasi. Hii ndiyo sababu nati inayoweza kurekebishwa baada ya kushika ina faida kuliko ile yenye kiwango kimoja tu.

Angalia pia mteremko. Toazi lililoinamishwa sana linasukuma nati pembeni kila linapopigwa, na meno ya nati ya kubofya huisha haraka upande mmoja. Kulilaza kidogo kunaokoa nati na toazi pia.

Hai-hati ina mambo yake

Wapo wanaonunua pakiti ya nati nne wakidhani moja ni ya hai-hati, yale matoazi mawili yanayofunguka na kufunga kwa mguu. Haitaingia. Fimbo ya hai-hati pale juu ni laini, haina hesi. Toazi la juu hushikwa na klachi, ambayo hukazwa kwa skrubu ya pembeni.

Klachi za kufungua haraka zipo, ila zinauzwa peke yake. Na kuna klachi nyingine yenye kikono ambayo mpigaji akiigonga inaangusha toazi la juu likae juu ya la chini. Hiyo ni ya wanaotumia pedali mbili za ngoma kubwa na wanaotaka hai-hati ifunge bila mguu. Haijatengenezwa kwa ajili ya kufungua haraka. Ukiagiza kwa simu, eleza wazi unataka ipi.

Kwa drams za umeme pia kuna tahadhari. Pedi nyingi za matoazi huwekewa kizuizi kwenye stendi ili zisizunguke na kuvuta waya. Nati ya chapchap haichukui nafasi ya kizuizi hicho. Kikiondolewa, pedi itazunguka na mpigaji atajikuta anapiga upande usio na kihisio.

Drams za kushirikiana: nani anunue?

Kwenye makanisa na kumbi nyingi, seti ni ya taasisi lakini matoazi ni ya mpigaji. Hapo kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni taasisi kununua nati za aina moja kwa stendi zote na kuziacha hapo hapo. Inafaa pale ambapo kuna mtu anayesimamia vifaa. Felti na vimrija vya akiba viwekwe kwenye kopo moja lenye mfuniko, karibu na drams.

Njia ya pili ni kila mpigaji kubeba vyake kwenye begi la matoazi: nati, felti na vimrija. Anaondoka navyo kama anavyoondoka na fimbo zake. Kwa anayezunguka sehemu nyingi, hii ndiyo salama zaidi, na inampasa awe na nati za milimita 8 na mbili tatu za milimita 6.

Kwa njia yoyote ile, nati za mabawa za zamani zisitupwe. Nati ya chapchap ina springi na meno, na siku moja vitagoma dakika tano kabla ya kuanza. Nati ya kawaida ni kipande kimoja cha chuma, haigomi. Mbili zikikaa kwenye mfuko wa begi, kazi inaendelea.

Utunzaji, hasa kwa watu wa Pwani

Hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar ina chumvi, na chumvi haina urafiki na springi za chuma. Nati inayobofyeka vizuri leo inaweza kukaza ikiachwa miezi kadhaa kwenye ukumbi ulio karibu na bahari.

Mara moja kwa mwezi, futa hesi za stendi kwa kitambaa kikavu. Vumbi lililochanganyika na jasho ndilo linalosaga meno. Tone moja la mafuta mepesi kwenye springi linatosha, kisha futa yaliyozidi. Usiweke mafuta kwenye felti wala kwenye kishikio cha mpira: felti itavuta uchafu, na mpira utalainika na kuteleza.

Felti ikishakuwa nyembamba, ibadilishe bila kusubiri. Ni kipande cha bei ndogo kuliko vyote kwenye stendi, na ndicho kinacholinda kile cha bei kubwa.

Je, kila mtu anazihitaji?

Hapana. Mwanafunzi mwenye seti moja nyumbani, ambaye matoazi yake hayatoki kwenye stendi, anaweza kuishi na nati za mabawa maisha yake yote. Hela yake ingefanya kazi zaidi kwenye felti mpya na vimrija vinne.

Anayefunga na kufungua kila wiki ataona tofauti siku ya kwanza. Anayepiga kwa nguvu sana aanze na nati moja, aiweke kwenye krashi inayopigwa zaidi, na aiangalie kwa wiki mbili. Ikibaki pale pale ilipowekwa, aongeze nyingine. Ikipanda hata nusu sentimita, imeshamjibu.

Kwa kifupi

• Pima hesi za stendi zote kwanza: nati ya spana 13 au ya spana 10.

• Chagua nati inayokataa kutoka ikivutwa bila kubofywa.

• Hakikisha kimrija na felti mbili zipo, nati ya aina yoyote ile.

• Toazi liyumbe baada ya kufungwa.

• Weka nati mbili za zamani kwenye begi.

Ukirudi kwenye ile ibada ya pili, mpigaji aliyejipanga hahitaji kutafuta kitu chini ya mbao. Anabofya, anatoa, anampisha mwenzake. Na toazi la mgeni linakaa juu ya felti, na nati juu yake.